Makapi ya Maharagwe ya Kukhu

Mwezi uliopita Baba alikuja kunitembelea hapa Tongaren. Alikunywa chai, akazunguka boma, kisha akasimama kwenye mlango wa banda langu la kuku na kuchungulia ndani. Akaona makapi ya maharagwe niliyowatandikia kuku chini, makavu, ya rangi ya asali. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hapa umefanya vizuri," akasema. "Kuku wanataka kitu kikavu kama hiki. Mimi nimekuwa nikisema hivi miaka yote."

Miaka yote! Nilikuwa nimeshika bakuli la maji ya kuku, na nusura nimmwagie. Kilichonizuia ni kwamba huyo ni baba yangu, umri umekwenda, na goti lake la kulia siku hizi halikunjiki sawasawa. Nikaweka bakuli chini polepole. Lakini kuku walikuwa wameyachakura makapi, na ile harufu ya vumbi na jua la mavuno ilinipanda puani, nikajikuta Kibomet, nyuma ya jikoni kwetu, nikiwa mtoto wa darasa la nne mwenye sweta iliyotoboka kiwiko. Damu ilinichemka. Nimeishi na jambo hili kifuani muda mrefu sana, na wenzangu wa rika langu, mliolelewa na bibi zenu kisha mkawaona wanavyodharauliwa na watoto wao wenyewe, mtanielewa.

Bibi yangu, mama yake Baba, tulimwita Kukhu, kama Wabukusu wote wanavyowaita bibi zao. Naye pia aliniita kukhu, maana kwetu bibi na mjukuu huitana jina moja. Nyumbani kwake kulikuwa Myanga, kule Bungoma, na alikuja kukaa nasi Kibomet kwa sababu ya mguu. Alikuwa na kidonda juu kidogo ya kifundo kilichokataa kupona, na kliniki ya Kitale ilimtaka kila Jumanne, akaoshwe na kufungwa bendeji mpya. Baba alikuwa karani kwenye ghala la mahindi mjini, kwa hivyo ikaonekana ni rahisi Kukhu akae kwetu mpaka apone. Daktari alisema miezi mitatu, labda minne.

Alishuka na mkoba mmoja wa nguo na gunia moja kubwa la makapi ya maharagwe. Mtu mwingine angebeba ndizi au unga wa mtama. Kukhu alibeba makapi, yale maganda makavu yanayobaki maharagwe yakishapigwa, kwa sababu ndiyo aliyokuwa akichoma apate majivu ya kutengenezea munyu, ile chumvi ya kienyeji ya kupikia mboga. Bila munyu, kwake, mrenda ulikuwa nyasi tu.

"Mama," Baba akasema, akiangalia gunia likishushwa, "kweli umebeba takataka kutoka Myanga mpaka hapa?"

"Hiyo si takataka, mwanangu," Kukhu akajibu. "Wewe umekula hiyo tangu unyonye."

Baba akacheka, akaingia ndani. Gunia likawekwa nyuma ya jikoni, juu ya matofali mawili lisipate unyevu.

Mimi nilijua kazi ya pili ya makapi yale, kwa sababu likizo zangu nyingi nilikuwa nimezimalizia Myanga. Kuku wa Kukhu waliangulia jikoni kwake, kwenye kona karibu na mafiga, na hakuna kuku aliyelala hapo bila matandiko kupimwa kwanza. Kukhu alikuwa na namna yake. Alichota konzi moja ya makapi, akaifinya kwa nguvu, halafu akafungua kiganja. Yakibaki yameshikana kama bonge la ugali, yalirudishwa juani. Yakimwagika, aliyanusa. Akiridhika na harufu, alinigeukia mimi.

"Haya, kukhu. Lala."

Nami nililala chini na kuweka shavu juu ya makapi, huku yeye akihesabu taratibu kwa Kibukusu mpaka kumi. Nikiamka bila kujikuna, kuku alipata kitanda. Nikijikuna hata kidogo, yote yalitolewa nje. "Mahali mtoto wangu hawezi kulala, kuku yangu halali," alikuwa akisema, na alisema kwa uso mkavu kabisa, si mzaha. Mimi niliona ni mchezo mzuri kuliko yote ya Myanga. Sikujua kwamba ilikuwa elimu.

Basi. Kukhu hajamaliza hata mwezi kwetu, Baba akaenda mafunzo ya siku moja mjini juu ya kufuga kuku wa kisasa. Siku moja! Alirudi na karatasi iliyokunjwa mara nne na maneno mapya mdomoni. Banda la kuku likaacha kuwa banda, likawa mradi. Jumapili iliyofuata akasimama kanisani wakati wa matangazo, akawaambia kina baba wenzake kwamba analeta vifaranga mia moja wa siku moja, na kwamba Jumapili inayofuata, baada ya ibada, wote wanakaribishwa nyumbani kuja kuona jinsi mambo yanavyofanywa kitaalamu. Mama yangu, niliyekuwa nimekaa karibu naye, alifumba macho. Nilidhani anaomba.

Likaja swali la matandiko. Baba alilishughulikia mezani, karatasi yake mbele, akiwa amevaa miwani ya kusomea. Nyasi kavu zinaota ukungu, akasema. Mchanga ni baridi. Magunzi ya mahindi lazima yasagwe. Kukhu, aliyekuwa kwenye kigoda chake mlangoni, mguu umewekwa juu ya debe, akasema taratibu kwamba makapi yapo pale nyuma, gunia zima, makavu.

"Mama, hawa si kuku wa Myanga," Baba akasema. "Hawa wanataka maranda."

Maranda ni vile vipande vyembamba vinavyojikunja fundi anapopiga mbao randa. Si kitu kibaya hata kidogo, naomba nieleweke. Wengi wanayatumia na kuku wao wananenepa. Lakini Baba hakuenda kwa fundi wa viti na meza. Alikuwa na rafiki kwenye karakana moja iliyokuwa ikiranda mbao za paa, zile zilizokwisha kutiwa dawa ya mchwa, na rafiki huyo akampa magunia mawili kwa furaha, maana kwao yalikuwa ya kutupwa. Maranda yenyewe yalikuwa na ukijani. Nami, mtoto niliyekuwa mjanja kwelikweli machoni pangu, nikaamua ni ya kijani kwa sababu yametoka kwenye miti michanga, kama vile kitunguu kichanga kinavyokuwa na majani mabichi. Nikayaona mazuri ajabu. Niliweka machache kwenye kitabu cha hesabu.

Baba aliyatandaza ndani ya bruda, ule mzingo wa maboksi aliouzungushia jiko la makaa ili vifaranga wapate joto. Kukhu akajikokota mpaka pale. Akachota konzi, akafinya, akafungua kiganja. Yakamwagika vizuri. Akanusa, akapiga chafya mara mbili.

"Hii kitu inanuka dawa," akasema. "Mbao gani inatoa halufu kama hii?"

"Ni maranda ya kisasa, Mama."

"Basi laza huyu mtoto hapo."

Baba akacheka kwa sauti, kile kicheko cha mtu anayetaka majirani wasikie kwamba hajaudhika. "Mtoto na kuku wapi na wapi? Haya, lala umfurahishe."

Nikalala. Nikaweka shavu. Kukhu hakufika hata saba, na jicho langu la upande ule lilikuwa limeanza kutoa machozi na ngozi inaniwasha kama niliyepita kwenye upupu. Lakini Baba alikuwa amesimama juu yangu akitabasamu, nami siku zile nilikuwa radhi kumeza moto ili Baba aendelee kutabasamu. Nikavumilia mpaka kumi. Nikainuka, mikono nikiwa nimeibana nyuma isije ikajikuna.

"Ni laini, Kukhu," nikasema. "Ni nzuri sana."

Kukhu alinitazama. Baba akafungua karatasi yake akasoma kwamba watu wasio na kazi bandani wasiingie, wanaleta magonjwa. Kisha akaongeza la kwake, lisiloandikwa popote: "Na wewe Mama, na kidonda hicho, tafadhali usikanyage humu."

Mwambieni mtu mzima yeyote maneno hayo muone. Na huyu alikuwa mama yake mzazi, aliyemwosha, aliyemnyonyesha, aliyemlaza kwenye kona ileile ya jikoni karibu na mafiga. Mpaka leo nikiyakumbuka napandwa na hasira upya.

Vifaranga walifika Jumatano ndani ya boksi lenye matundu. Wakamwagwa juu ya maranda, wakaanza kudonoa papo hapo. Walidonoa kila kipande cha kijani walichokiona, wakikidhani chakula, nami nikashangilia kwamba wanacheza. Ijumaa nilipotoka shule nikakimbia moja kwa moja hadi bruda. Wengi walikuwa wamelala ubavu, miguu imenyooka, mabawa yamefunguka kidogo. Nilifurahi. Nikakimbia jikoni kumpasha Mama habari kwamba matandiko ya Baba ni laini hata vifaranga wameshikwa na usingizi mchana.

Mama aliacha mwiko ndani ya sufuria. Akaja, akamwinua mmoja kwa vidole viwili.

"Huyu hajalala," akasema.

Akamwinua wa pili, wa tatu. Alipofika wa sita akaacha. Baba aliporudi jioni Mama akamwambia, "Si uangalie hayo maranda kwanza?" Baba akasema karatasi imeandika kwamba wachache hufa siku za mwanzo, ni kawaida. Akaongeza makaa.

Jumamosi asubuhi nikaenda kwa Kukhu. Alikuwa amekaa juani akichambua mboga.

"Kukhu, kwa nini wanakufa?"

"Ningekuwa mimi," akasema bila kuinua macho, "ningewatolea hiyo kitu yote leo. Leo leo. Hata kama nitawaweka juu ya leso yangu."

"Si uingie uwatolee?"

"Nimekatazwa."

Hayo tu. Shikeni hapo, kwa sababu ndipo jambo zima lilipo. Kukhu hakunituma. Hakunikonyeza, hakuninong'oneza. Aliendelea kuchambua mboga yake. Ni mimi niliyezunguka nyuma ya jikoni, nikafungua gunia lake, nikajaza makapi kwenye pindo la sweta. Baba alikuwa ametoka, Mama yuko kisimani. Nikaingia kwenye bruda, nikakata kona moja karibu na jiko kwa kipande cha boksi, nikafagia maranda yote ya pale kwa mkono, nikatandika makapi. Nilifinya konzi. Nikanusa. Nikajilaza hapo, nusu ya mwili ndani na nusu nje, nikahesabu mpaka kumi kwa Kibukusu kibovu. Sikuwashwa. Kisha nikawahamisha wale niliowaona bado wana nguvu, mmoja mmoja, kuanzia yule mwenye doa jeusi kichwani niliyekuwa nimempa jina la mwalimu wangu, mpaka kona ikajaa.

Jumapili kina baba wakaja. Walikuwa saba, na makoti yao na Biblia kwapani. Baba hakuwa ameingia bandani tangu asubuhi, alikuwa na shughuli ya viti. Akawatangulia, akaeleza habari ya joto, akaeleza habari ya hewa, akasema sasa mtaona wenyewe, akafunua kifuniko.

Juu ya maranda ya kijani vifaranga walikuwa wametapakaa wamekufa, wachache tu wakitapatapa. Na pale kwenye kona, juu ya makapi ya maharagwe, walikuwa wamesimama tisa. Tisa! Wanachakura, wanalia kwa njaa, wanadonoana. Yule mwenye doa alikuwa mbele. Mtoto wa chekechea angeangalia upande huu na upande ule akajua. Wanaume wazima saba waliangalia, na Baba wa nane, na mimi nilimwona Baba akiangalia. Macho yake yalitoka kwenye maranda, yakaenda kwenye makapi, yakarudi kwenye maranda.

"Nani ameleta takataka hii humu?" akauliza.

Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Mkono wake ulikuwa kwenye mkanda. Wote wakanigeukia, maana sweta yangu bado ilikuwa na makapi kwenye sufu.

"Kukhu ndiye alinituma," nikasema.

Nilisema haraka sana, wala sikujikwaa. Kukhu alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, ameegemea fimbo, amesikia kila neno. Nikangoja aniumbue. Nikangoja aseme, mtoto huyu mwongo, sikumtuma popote.

"Ndiyo," Kukhu akasema. "Ni mimi nilimtuma."

Mmoja wa wale kina baba akatikisa kichwa kwa huruma. "Hawa wazee wetu bana, na mambo yao ya kijijini." Wawili wakacheka kidogo. Baba akasema, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa, "Nilimkataza. Ninyi mashahidi, nilimkataza asiingize uchafu kwa vifaranga wangu." Kisha wakainamisha vichwa, mmoja akaongoza maombi. Waliombea mradi. Waliombea subira ya Baba katika majaribu. Hakuna hata mmoja aliyeombea mguu wa Kukhu, na hakuna aliyeuliza wale tisa wanafanya nini pale wakiwa hai.

Jumatatu Kukhu akafunga mkoba wake. Baba alisema hamfukuzi mtu, ni vizuri tu Mama akapumzike nyumbani kidogo. Akapumzike! Kliniki ilikuwa kesho yake. Mama alisimama uani akilia na kumwambia Baba angoje hata hiyo Jumanne ipite, na Baba akawa anatafuta ufunguo ambao ulikuwa mfukoni mwake. Kukhu hakubishana. Aliacha gunia la makapi pale pale nyuma ya jikoni.

Nilimsindikiza mpaka kwenye lango nikiwa nimeinamisha kichwa kama mwizi. Akasimama, akanishika kidevu, akageuza uso wangu kwenye mwanga, upande ule wa shavu nililolaza kwenye maranda. Vipele vilikuwa bado vipo.

"Bado inawasha?" akauliza.

"Ndiyo, Kukhu."

"Paka mafuta," akasema, akaenda zake.

Alikuwa anajua. Tangu siku ile ya kwanza alijua nimemdanganya mbele ya Baba, na bado mara ya pili, nilipomsingizia, alinibebea uongo wangu. Ningekuwa na heshima ningemkimbilia Baba saa ileile nikamwambia ukweli. Sikumkimbilia. Niliogopa mkanda, kisha nikaogopa aibu, kisha nikazoea kunyamaza. Hasira yangu yote kwa Baba, msidhani sijui nusu yake ni ya nani.

Mguu ulipona nusu nusu. Tulipokwenda Myanga Krismasi alinipokea vilevile, akanichemshia yai, akaniita kukhu, lakini kutoka nyumbani hadi sokoni alikuwa akipumzika mara mbili njiani, ameegemea ile fimbo. Kibomet hakurudi tena. Nilikuwa shule ya upili alipofariki, na kwenye mazishi Baba alisimama akasema mama yake ndiye aliyemfundisha kazi. Watu wakaitikia. Nilitoka nikaenda kusimama nyuma ya choo mpaka akamaliza.

Wale tisa walikua, wakawa kuku wakubwa, na Baba aliwaonyesha wageni kama mradi wake. Lakini kuna jambo moja nililolielewa nikiwa mtu mzima tu. Maranda ya kijani hayakuwahi kuingia tena kwetu. Baba mwenyewe aliyazoa siku ileile ya Jumatatu, akayachimbia shimo nyuma ya choo, kisha gunia la Kukhu likawa linapungua kidogo kidogo. Nilidhani Mama anachoma munyu.

Nilipoanza kufuga hapa Tongaren nikauliza kwenye duka la dawa za mifugo. Mama mmoja pale akashika kichwa. "Maranda ya mbao za dawa? Kwa vifaranga wa siku moja? Hiyo ni sumu, dada. Kwani aliyewawekea hakujua?"

"Aliambiwa," nikamjibu.

Sasa rudini nami kwenye mlango wa banda langu, mwezi uliopita, Baba akiwa na zile sifa zake za miaka yote. Akainama kwa shida, akishikilia mwimo wa mlango kwa sababu ya goti. Akachota konzi ya makapi. Akaifinya. Akafungua kiganja, yakamwagika. Akayanusa.

Sikuwa nimemwonyesha.

"Baba," nikasema, "Kukhu hakunituma siku ile. Nilijituma mwenyewe. Nilidanganya."

Hakuuliza siku gani. Aliendelea kutazama kiganja chake.

"Najua," akasema. "Mama hangekutuma mahali nimemkataza."

"Ulijua lini?"

"Siku hiyo."

"Na wale tisa?"

"Niliwaona."

"Uliwaona! Kwa hivyo ulijua ni maranda, na ukamwacha aende na mguu ule?"

"Watu walikuwa wengi pale," Baba akasema.

"Watu waliondoka! Wote walikwenda kwao Jumapili ileile. Myanga iko hapo tu, Baba. Kwa nini hukumfuata?"

"Ningemwambia nini?"

"Hayo hayo unayoniambia mimi!"

Nilikuwa napiga kelele. Kuku walikimbilia upande wa pili wa banda. Baba akajipangusa makapi kwenye suruali. Nilingoja aseme samahani. Sijui kama anajua neno hilo linaanzia wapi. Baada ya muda akakohoa, akaniuliza kama ninaweza kumpa gunia moja la makapi, maana kuku wake wa Kibomet sasa wanalalia nyasi na zimeota ukungu.

Jamani! Nilimtazama nikadhani nimesikia vibaya.

"Kwanza sema nani alikufundisha," nikamwambia.

"Nini?"

"Kufinya. Kunusa. Sema."

Akatazama chini. Sauti yake ilipotoka haikuwa ile sauti ya matangazo ya kanisani.

"Mayi," akasema.

Ndivyo Mbukusu mdogo anavyomwita mama yake. Sikuwa nimewahi kumsikia Baba akilitamka neno hilo. Kwetu Kibomet alimwita Mama, kwa Kiswahili, kama anayezungumza na mgeni.

Nikaingia bandani, nikajaza gunia, nikalifunga mdomo kwa kamba ya katani. Nikaliweka miguuni pake. Gunia la makapi ni jepesi, mtoto wa darasa la nne analibeba bila kuhema. Kwetu msichana hamwachi baba yake abebe mzigo hata awe wa kilo moja, na jirani yangu aliyekuwa akipalilia upande wa pili wa ua aliinua kichwa kutazama kama nitalichukua.

Sikulichukua. Baba akalipandisha begani, akaenda nalo hadi barabarani kungoja bodaboda. Alipumzika mara mbili njiani.